Fundi wa gemu aliyezifuata bodi zake kwa muuza vyuma chakavu

Saa tatu asubuhi, chumba cha nyuma cha duka la Kuwabara Setsuko, mtaa wa Nipponbashi jijini Osaka, kinanuka siki. Mama huyu mwenye umri wa miaka sitini na sita anachovya mswaki kikombeni na kusugua kona ya bodi ya saketi ya gemu ya zamani, pale ambapo betri ilivuja ikala njia za shaba.

"Waliobuni walijua betri huvuja," anasema bila kuinua uso. "Wakaiweka palepale juu ya chipu. Walidhani gemu itachezwa misimu miwili, halafu itupwe. Ndivyo walivyotuona na sisi."

Anaposema "sisi" anamaanisha wanawake wa kiwandani. Setsuko alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, katika kiwanda kimoja mjini Yao ambacho kilishafungwa. Waliketi kwa mstari, kila mmoja na chuma chake cha kulehemu, wakiunda bodi zilizoendesha gemu za kwenye kumbi za michezo za Japani nzima.

Mtu akimaliza bodi, aligonga muhuri mwekundu wa jina la ukoo wake pembeni. Haukuwa wa sifa. Ulikuwa wa kumtambua wa kugombezwa bodi ikirudi na kasoro.

Wabunifu wa gemu zile wameandikwa magazetini hadi leo. Wanawake hawa, waliopumua moshi wa lehemu mchana kutwa, hakuna aliyewauliza majina. Wamebaki kwenye mihuri ile tu.

Ndiyo maana Setsuko hakusita jumba moja la maonyesho lilipomwomba afufue bodi nane kwa ajili ya ukumbi mpya wa gemu za zamani. Hakutaka malipo. Alitoa sharti moja: bodi ziwashwe, watu wazichezee.

Alizifanyia kazi msimu mzima wa baridi. Alipokosa chipu, aliitoa kwenye bodi zilizokufa. Njia ya shaba ilipokatika, aliiunga kwa waya mwembamba kama unywele. Zote nane ziliwaka, akazipeleka mwenyewe.

Siku ya ufunguzi alivaa koti alilovaa kwenye harusi ya bintiye. Mashine ya kwanza ikawashwa mbele yake.

"Bodi ya kweli ikiamka hutapika kwanza herufi za ovyo kwenye kioo, kama mlevi anayetafuta viatu," anasimulia. "Ile iliwaka moja kwa moja, safi kama televisheni. Nikajua humu ndani hayupo mtu wangu."

Alizunguka nyuma, akavuta mlango wa mashine. Ndani alikuta kompyuta ndogo ya kisasa, yenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Bodi hakuna. Msimamizi wa jumba, Bwana Tokunaga, akaja mbio.

"Mama Kuwabara, samahani, huku nyuma wageni hawaruhusiwi."

"Bodi ziko wapi?"

"Gemu ni ileile, mama. Wageni hawaoni tofauti."

"Sijauliza wageni wanaona nini. Nimeuliza bodi."

"Zilikuwa zinasumbua, na stoo yetu ni ndogo. Zimeshashughulikiwa."

"Zimeshughulikiwa ndiyo nini? Mmezizika au mmezipika supu?"

Zilikuwa zimeuzwa kwa kilo pamoja na makabati mabovu. Setsuko aliacha chakula cha wageni mezani, akaenda na koti lake la harusi hadi kwa muuza vyuma chakavu, upande wa bandarini.

Mwenye yadi, Nishiwaki, alimpokea kwa utani wa Kiosaka. "Dada mrembo, umepotea njia? Duka la vipodozi liko kule."

"Vipodozi vilishaushindwa uso huu zamani," akamjibu. "Nionyeshe bodi zilizokuja wiki hii."

Nishiwaki alicheka. Lakini alipomwona akifukua lundo kwa mikono mitupu, alimvua koti, akalitundika, akampa glavu zake, kisha akainama kufukua naye.

Walipata bodi tano, moja imepasuka katikati. Tatu zilikuwa zimeshasagwa. Katika chenga zake Setsuko aliokota kipande cha kona, kidogo kama biskuti, chenye muhuri wa Okuzono. Okuzono Mie ndiye aliyeketi kushoto kwake miaka yote ya kiwandani. Alifariki mwaka juzi.

"Mie alikuwa na mkono wa kazi," anasema, na hapa anauweka mswaki chini. "Hakuna bodi yake hata moja iliyorudi na kasoro. Wale wameisaga kwa sababu stoo ni ndogo."

Nilipompigia Bwana Tokunaga, alinijibu kwa upole kwamba utaratibu ulifuatwa. Sina shaka. Lakini utaratibu unaoruhusu kazi ya mtu kutupwa bila hata kumpigia simu, huku jina lake likitajwa kwenye hotuba ya ufunguzi, ni dharau iliyopigwa pasi.

Baadaye jumba lilimpelekea cheti cha shukrani. Setsuko alikirudisha. Sasa wanaziomba bodi zile tano kwa maonyesho maalumu. Amekataa.

Badala yake amepanga chumba kilichokuwa duka la tofu, ile jibini ya soya, mlango wa pili kutoka kwake. Vuli hii anataka kukifungua kikiwa na mashine zisizo na migongo, ili bodi zionekane zikifanya kazi, mihuri na yote. Kila muhuri utaandikiwa jina kamili la mwenyewe.

Anawatafuta wenzake kwa simu. Hamaguchi Toyoko, anayeishi Wakayama, alimkatalia kwanza: "Mimi nilikuwa nalehemu tu, Setsuko. Nije kufanya nini?" Wiki iliyopita alipiga mwenyewe, akasema atakuja na mjukuu.

"Toyoko ameunda gemu zisizo na idadi, na hajawahi kucheza hata moja. Nani alikuwa na muda?" anasema Setsuko. "Siku ya kwanza ataanza yeye. Wale wa jumba wakija, karibu sana. Wapange foleni nyuma yake, wasubiri amalize maisha yake yote matatu ya gemu."