Uzi Mweusi kwa Kidonge cha Usiku

"Fundi siku hizi anabugia vidonge mpaka analewa," muuza mboga alimnong'oneza Mama Kichanga huku akimfungia nyanya. "Jana kalala juu ya cherehani, mdomo wazi. Na gauni la watu kalitia mikono miwili ya kushoto! Mimi kitambaa changu nakifuata leo hii hii."

Mama Kichanga alipokea nyanya zake. Alimweka mtoto vizuri mgongoni, akavuka barabara. Naye alikuwa na kitambaa kwa fundi, ila hakukifuata hicho.

Fundi alikuwa mama wa makamo, mwaka wa ishirini na mbili juu ya cherehani ya miguu. Misuli ya shingo na mabega ilikuwa imemkaza kwa miaka sita. Akiitwa hugeuka mzima mzima kama kabati. Hospitali walimpa dawa mbili: ya maumivu, ameze asubuhi akishakula, na ya kulegeza misuli, inayoleta usingizi, ameze usiku. Maumivu hayakuisha, lakini yalishikika, akawa anashona mpaka jioni.

Leo Mama Kichanga alimkuta kainamia meza, macho mazito.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuchukua kitambaa na wewe? Utakuwa wa tatu. Mkifika watano nafunga, nikauze karanga."

"Nimekuja kukuona tu. Dawa unameza?"

"Kama siku zote. Cheupe asubuhi, cha njano usiku. Wiki nzima sasa, mchana naanguka kama gunia, usiku bega linawaka, sipati hata lepe la usingizi."

Mama Kichanga aliomba kuziona. Alisoma bahasha moja, kisha ya pili, kidole chini ya herufi kama alivyofundishwa darasa la pili.

"Mama, cheupe ndicho cha usiku. Imeandikwa hapa."

"Mwezi uliopita kilikuwa cha asubuhi!"

"Basi rangi zimegeuka."

Fundi aliitazama bahasha, akaigeuza juu chini. Hakuuliza imeandikwa wapi. Hapo Mama Kichanga akazitazama nguo kwenye kamba. Hakuna hata moja yenye karatasi ya jina. Kila moja ilikuwa na kipande cha uzi kwenye kola: bluu, kijani, zambarau. Kila mteja na rangi yake.

Walikwenda wote hospitalini, dirisha la dawa. Mtoa dawa akakubali: vidonge vya safari hii vimetoka kiwanda kingine. Akamweleza aanze vipi upya.

Waliporudi, fundi alivuta droo, akatoa uzi wa rangi mbili.

"Bahasha ya usiku nifungie uzi mweusi. Ya asubuhi mwekundu. Na kila mwezi nikitoka hospitali, nitapitia kwako kwanza unisomee." Akashusha sauti. "Muuza mboga akikuuliza, mwambie nilichanganya rangi. Hilo la kusoma, mwanangu, liache hapa hapa mezani."