Sahihi ya Seneta

Mimi hukusanya vitabu vya mtumba vya siasa za Marekani, hasa vyenye sahihi za waandishi wake. Vingi huvipata mtaa wa Majengo, hapa Sumbawanga, kwa mama anayeuza nguo za mtumba. Vitabu humjia ndani ya marobota, na nikichelewa vinafungiwa karanga.

Siku moja nilipata kitabu cha maisha ya seneta mmoja, chenye sahihi yake kwa wino wa bluu. Nilifurahi mno, nikakipeleka kijijini Milepa kumwonyesha mjomba wangu, mwenyekiti wa kijiji.

Mjomba alivaa miwani, akaikagua ile sahihi.

"Huyu nani?"

"Seneta, mjomba. Ni kama mbunge, ila wa Marekani."

"Na muhuri wake uko wapi?"

Nilimweleza kwamba kitabu hakihitaji muhuri. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa kiwanja hewa.

"Sahihi bila muhuri haipokelewi popote, mjomba. Watakusumbua."

Akaingia ndani nacho. Nilikuwa sijamaliza chai niliposikia kishindo mezani. Alirudi akiupuliza ukurasa ukauke. Chini ya sahihi ya seneta palikuwa na muhuri wa kijiji, na mjomba ameandika: "Mtajwa hapo juu namtambua. Apewe ushirikiano."

Nilimshukuru, ningefanya nini. Nilirudi Sumbawanga nimenuna. Lakini mwalimu mmoja, mkusanyaji mwenzangu, alipouona ukurasa ule alicheka hadi akakaa chini, kisha akaomba tubadilishane na vitabu vyake viwili. Nilikataa.