Itiryo Kumetema

Gazeti letu la mtandaoni la habari za biashara lilianza na bei za ng'ombe, likakosa wasomaji. Dhahabu ilipopamba moto, nikawa situlii hata mezani, nikihofia kupitwa. Siku moja mjini Tarime nikamsikia mtu akipiga kelele kwenye simu: "Itiryo kumetema!" Wachimbaji husema shimo limetema likitoa dhahabu. Mimi na digrii yangu ya uchumi hatukuuliza. Tukaandika kwamba dhahabu imepatikana, na kijiji tukakitaja.

Kesho yake nikaenda Itiryo kufuatilia. Watu wenye sururu walikuwa wamejaa kwenye mihogo ya mama mmoja mjane. Kando ya shamba kulikuwa na kisima kipya. Kilichotema ni maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe unaonekana msomi. Hebu nisomee huyo mtu aliandika nini. Wanang'oa chakula cha wajukuu wangu!"

Dereva wa bodaboda aliyenileta akaifungua habari ile na kunipa simu yake. Nikasoma kwa sauti, na kila baada ya sentensi nikamlaani mwandishi.

"Mpumbavu kabisa huyu!" nikasema.

Dereva akachungulia simu, kisha akanitazama usoni.

"Msomi, mbona picha hapa juu ni yako?"