Mdomo wa Cyril Hudak

Cyril Hudak alikuwa na maoni kuhusu kila kitu kinachochezwa kwa mpira, na kwa miaka mingi aliyamwaga kwenye kaunta ya baa yangu hapa Youngstown, bila kuulizwa. Besiboli, alisema, ni ya watu wanaoweza kumenya gunia la viazi bila kulalamika. Sheria iliyowaondolea warushaji kazi ya kushika gongo aliichukia kama jino bovu. Mrushaji asiyepiga, alisema, ni mpishi asiyeonja.

Futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wa mikononi, aliiona ya wenye haraka, lakini mwezi wa Aprili hakuwa na mpinzani. Ndipo timu za ligi kuu hukaa na kuchagua vijana wa vyuo kwa zamu, moja baada ya nyingine. Wataalamu kwenye televisheni, wamefunga tai, hupima viganja vya vijana hao kama wanataka kuwashonea glavu. Cyril aliwacheka. Yeye alitazama kitu kimoja tu, namna kijana anavyoinuka baada ya kuangushwa, na sikumbuki akikosea.

Afadhali angekosea.

Yalianza zamani, wakati viwanda vya chuma bado vinafuka. Kaka yake, Emil, alikuwa mrushaji wa timu ya kiwandani. Sasa, watu wa besiboli tuna mwiko mmoja. Mrushaji akifika mbali katika mechi na hakuna mpigaji aliyemgonga sawasawa hata mara moja, jambo hilo halitamkwi. Hata wenzake humhama kwenye benchi, wakamwacha peke yake kama mgonjwa wa ndui, kwa kumpenda. Siku hiyo Emil alikuwa amefika huko. Cyril, kijana mwenye fahari na kaka yake, akasimama juu ya kiti akapaza sauti, "Hajapigwa hata moja! Huyu ndiye bora kuliko wote!" Mpira uliofuata uligongwa ukarudi moja kwa moja kwenye jicho la Emil. Jicho hilo halikuona tena.

Watu wakasema ni bahati mbaya. Mimi pia nilisema hivyo, kwa muda. Kisha kuna yule mkimbiaji wa Toledo ambaye Cyril alimsifia hapa kaunteni, machozi yakimlengalenga. Kabla majani hayajaanguka, goti la kijana lilikuwa limegeukia nyuma. Kuna mrushaji wa Akron aliyemwita zawadi ya Mungu. Mkono wake ulikufa ganzi hivihivi, akawa hawezi kuinua kikombe, na madaktari hawakupata la kusema. Walikuwapo wengine. Nilianza kuona Cyril akikatiza sentensi katikati na kujifunika mdomo, macho yamemtoka.

Wateja wangu, watu wasio na haya, waligeuza mchezo. Walimnunulia bia ili awasifie wachezaji wa Pittsburgh, mahasimu wetu, wapate kuumia.

"Mtaje tu yule mrusha pasi wao, mzee," walimbembeleza. "Mpe hata sifa ya nywele."

Akawasifia, mmoja mmoja, na wote wakawa na msimu mzuri ajabu. Jamaa walivunjika mbavu kwa kucheka. Cyril hakucheka. Aliniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Unaona, Verona? Mdomo wangu unajua ninapodanganya."

Nywele zilinisimama. Ningependa kusema vinginevyo.

Emil alikuwa na mjukuu, Damian, mdaka pasi wa futiboli mwenye miguu mirefu na upole wa mama yake. Cyril hakuwahi kupata mtoto. Alikwenda kwenye kila mechi ya kijana huyo tangu akiwa mdogo, akasimama nyuma kabisa, kofia imemfunika uso, na hakumwambia neno. Damian alisifiwa na mji mzima isipokuwa na mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyemtaka.

Jumamosi ile, siku ya mwisho ya kuchagua, familia ilijaa kwangu tangu mchana. Nilipika pierogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, na kabichi. Simu ya Damian ilikaa kaunteni na kila mtu alijifanya haioni. Majina yakapita, lake halimo. Mwishowe kijana akamgeukia Cyril, aliyekuwa ameketi naye bega kwa bega.

"Babu, wewe hukosei. Niambie ukweli mbele ya hawa wote. Mimi ni mchezaji, au najidanganya?"

Cyril alifungua mdomo. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Kisha akachukua bia yake, akaenda hadi mwisho wa kaunta, akakaa akitugeuzia mgongo.

Damian aliiva uso mzima. Mama yake akasema mzee ana wivu na roho mbaya, na wengi wakaitikia. Emil ndiye aliyewanyamazisha.

"Amekuhama benchi, mjukuu wangu," alisema, jicho lake zima likiwa kwenye mgongo wa mdogo wake. "Mtu huhamwa benchi lini?"

Jibu lenyewe halitamkwi. Lakini sidhani kama Damian alilisikia hilo swali. Simu ilikuwa inalia. Amechaguliwa. Baa nzima iliruka, na mgongo ule mwisho wa kaunta ulikuwa unatetemeka.

Cyril alianza kudhoofika kiangazi hicho. Nilimpelekea supu, akaisukuma kando akashika koo lake. "Lile neno liko hapa," aliniambia. "Limenikaa kama mwiba wa samaki. Kila ninapomwona kwenye mazoezi linapanda. Nikifa, Verona, uangalie lisitoke." Nilimwambia aache upuuzi anywe supu. Alikufa wiki ya mechi ya kwanza ya Damian.

Tulimuaga alasiri, kabla ya rozari. Wazishi walikuwa wamemtengeneza vizuri, suti ya buluu, midomo imefungwa. Nilikuwa nimesimama kichwani pa jeneza Damian alipoingia, mpana wa mabega, macho mekundu. Aliinama kumbusu kwenye paji.

"Angalau ungeniambia mara moja, babu," alisema.

Na midomo ile ikaachana. Kidogo tu, upana wa ukucha. Niliweka kiganja changu juu yake na kukandamiza.

"Shangazi Verona, unafanya nini?"

"Namuaga," nilisema. "Nenda ukakae na babu yako Emil, pale mlangoni."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu, akaenda. Sikuinua mkono hadi nilipoona amefika mlangoni. Wazishi watakuambia maiti hulegea, na labda ndivyo. Lakini wao hawakushika. Chini ya kiganja changu midomo ilikuwa na joto, na ilikuwa inacheza.

Damian hajaumia mpaka leo. Anaamini babu yake Cyril hakumthamini, na mimi siwezi kumwambia ukweli, kwa sababu ningelazimika kulitamka lile neno. Jumapili akiingia uwanjani nakunja ngumi mkono ule, na siufungui hadi mechi iishe.