Mwali Aliyeletwa kwa Kibibi

Marehemu mume wa fundi wa mapazia ndiye aliyekuwa na mapenzi na simbilisi, hao wanyama wadogo wanene wasio na mkia, wanaopiga mluzi wakisikia tu majani yakichambuliwa. Alipofariki aliacha wawili, majike, katika kizimba cha mbao alichokipigilia mwenyewe chini ya dirisha. Fundi hakuwahi kuwapenda mumewe alipokuwa hai. Alipobaki mjane akajikuta anawasemesha kutwa nzima, mguu kwenye cherehani, pini mdomoni.

Halafu dada yake mkubwa akahamia pale. Alikuwa mkunga mstaafu, amezalisha nusu ya mji ule, na yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Magoti yalimkatalia ngazi za nyumba aliyopanga, akaja na sanduku na fimbo. Fundi alimwonyesha kitanda katika chumba cha nyuma, akamwambia, "Karibu dada, jisikie uko kwako," kisha akarudi kwenye pazia lake. Mteja alikuwa anangoja.

Simbilisi mmoja akafa kwa uzee. Aliyebaki, Kibibi, akajikunyata pembeni na kukataa chakula, manyoya yamesimama kama brashi kuukuu. Fundi akamweka kikapuni akampeleka kwa daktari wa mifugo.

"Huyu haumwi, mama," daktari alisema. "Ni upweke. Hawa hawaishi mmoja mmoja. Mtafutie jike mwenzake, basi. Dume usithubutu. Huyu ni mzee na hajawahi kuzaa, nyonga zake zimeshakaza. Akishika mimba hatoki hai."

Fundi alirudi akamsimulia dada yake neno kwa neno, kisha akaanza kuzunguka. Aliulizia kwa wafuga sungura na kwa wateja wake, akaacha mapazia ya hoteli nzima yamelala mezani. Mwishowe akampata muuza ndege na sungura sokoni, aliyemshika simbilisi mchanga ukosini na kumnyanyua juu.

"Jike, mama. Nakuapia."

"Una hakika?"

"Mama, mimi nashinda nao hawa. Nitakosaje kumjua jike?"

Fundi hakutosheka na kiapo cha sokoni. Alipofika nyumbani alimpeleka yule mgeni moja kwa moja chumba cha nyuma. "Dada, nitazamie. Macho yako ndiyo yamezoea."

Mkunga akavaa miwani. Akamlaza mnyama chali kiganjani, akambonyeza taratibu chini ya tumbo kwa dole gumba, akatazama. Akamrudisha.

"Jike," alisema. "Mwite Mwali."

Siku ile ile Kibibi akala. Wiki haikuisha wakawa wanalala ubavu kwa ubavu, Mwali akimzunguka bibi yule huku akinguruma kwa koo kama cherehani yenye mafuta. Fundi akafurahi mpaka akaanza kuimba akishona. Dada yake alikaa kwenye kiti chake ukutani, mikono juu ya fimbo.

"Humu ndani siku hizi ukitaka kusalimiwa sharti uote manyoya," alisema.

Fundi alicheka. Alidhani ni utani.

Kibibi akanenepa. "Tazama, dada, shibe hiyo!"

"Naona," dada alijibu. "Amependeza."

Asubuhi moja fundi alimkuta Kibibi amelala ubavu, miguu imenyooka, tumbo linakakamaa na kulegea. Alipiga kelele. Dada yake akaja akijikokota, akasimama juu ya kizimba.

"Anazaa," alisema.

"Anazaa? Na nani?"

"Na Mwali."

Fundi alimkodolea macho. "Dada, ulisema jike."

"Nilisema."

"Hukuona vizuri?"

"Nimepokea watoto tangu hujavunja ungo. Nitashindwa kuona?"

"Basi fanya kitu!"

"Hakuna cha kufanya. Si ulinisimulia mwenyewe? Hatoki."

Fundi alimfunga Kibibi katika kipande cha pazia, akakimbia barabarani na kandambili za bafuni. Mnyama alilia njiani, sauti nyembamba, kisha akanyamaza. Daktari alifunua kitambaa mezani, akabonyeza, akafunika tena.

"Nilikwambia jike, mama," alisema, akageukia bomba kunawa mikono.

Aliporudi, dada yake alikuwa ameketi pale pale ukutani.

"Kwa nini?" fundi aliuliza.

"Alipofiwa yule, ulimzungukia mji mzima. Mimi nilikuja na sanduku langu, ukanionyesha kitanda."

"Ungesema, dada."

"Kwani yeye alisema?"

Ndugu wa damu hafukuzwi, na fundi hakumfukuza. Alimpikia, akamfulia, akamtandikia. Ila hakumsemesha tena. Kila neno lilipitia kizimbani: "Mwali, mwambie dada chakula tayari." "Mwali, mwambie dada maji ya kuoga yamepata moto." Mwanzoni mkunga alicheka, akajibu kwa njia ile ile. Baadaye akaacha kucheka. Akawa anajikohoza mlangoni, anauliza habari za wateja, anasifu rangi ya kitambaa. Fundi alikuwa akimtazama Mwali. Naye Mwali hakutafutiwa mwenzake. Alizunguka peke yake kizimbani, akitafuna mbao.

Jioni moja kikasikika kishindo bafuni, kisha sauti: "Mdogo wangu! Nimeanguka!"

Fundi alikuwa katikati ya upindo wa pazia refu. Mguu ulisita juu ya kanyagio. Kisha ukaendelea.

"Mdogo wangu!"

Alifika mwisho wa kitambaa, akakata uzi. Akalikunja pazia, pembe kwa pembe. Akamchambulia Mwali majani. Ndipo akaenda.

Dada yake alikuwa chini kwenye saruji, uchi, sabuni imemkaukia shingoni. Mfupa haukuvunjika. Alikuwa anatetemeka.

"Nilikuita," alisema.

Fundi akamtia mikono kwapani, akamwinua, akamfuta mgongo, akamvika gauni, akamlaza. Alimfunika vizuri mpaka kidevuni, kama mtu anayependa. Mkunga akamshika kifundo cha mkono.

"Sema neno, mdogo wangu. Hata tusi."

Fundi alikunjua vile vidole, kimoja kimoja, akazima taa.

Tangu hapo mkunga hakuita tena. Akawa anaoga ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlango wazi, mkono mmoja umeshika ukuta, na mvuke unatoka mpaka kwenye chumba cha mapazia ambako cherehani haikuwa ikisimama.