Mama wa Mapacha Kwenye Dirisha la Dawa

Kwetu Usukumani mapacha hawachaguliwi majina. Wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, tangu enzi za mababu, na mama yao huitwa kwa jina la yule wa kwanza mpaka anaingia kaburini. Ni desturi nzuri harusini na msibani. Kwenye dirisha la dawa ni upumbavu mtupu.

Mama yangu ana presha. Kila mwezi hutoka kijijini kwetu, mbele ya Tinde, kwenda kuchukua vidonge kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja, hakistahili. Nyuma ya dirisha hukaa kijana mwenye koti jeupe na kiburi kingi. Wanawake wenye umri wa bibi yake humwamkia shikamoo, naye bila haya huitikia marahaba. Kadi ya mgonjwa ina majina matatu. Kuyasoma kulimchosha bwana mkubwa. Siku hiyo aliita tu "mama" na jina la pacha, mama yangu akaitika, akapewa kifuko, akashukuru kwa Kisukuma, wabeja sana daktari, akaondoka. Dawa ilikuwa ya sukari, ya mama mwingine wa mapacha aliyekuwa amekwenda chooni.

Kwa bahati nilikuwa nimetoka Geita kumsalimia. Asubuhi yake alimeza, akaenda kupepeta mahindi kabla ya kula chochote. Nilimkuta ameketi chini karibu na ungo, jasho linamtiririka, anatetemeka, ananiita kwa jina la kaka yake aliyefariki. Nikakisoma kile kifuko. Nilimnywesha maji ya sukari huku nalia na kumtukana yule kijana kwa Kisukuma na Kiswahili, kisha tukampakia kwenye bodaboda. Hospitali walisema tungechelewa kidogo tungemzika.

Alipopata nafuu nilikwenda dirishani na kile kifuko mkononi.

"Mimi nilimwita, yeye akaitika," alinijibu, macho kwenye simu. "Kama dawa si yake, aliitikia nini?"

Mimi nauza vipuri vya karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Pale karashani hata mchimbaji aliyelewa chakari hakabidhiwi mfuko mpaka ataje jina lake na shimo alilotoka. Na ndani ya mfuko ni mawe tu!

Nikaenda kwa mkuu wa kituo. Naye akanipa hotuba, eti kuwaita kina mama kwa majina ya watoto wao ni kuwaheshimu. Heshima ya kumzika mtu nilikuwa sijaisikia. Sikutoka ofisini kwake mpaka alipoagiza kila mgonjwa aitwe kwa majina yake matatu, na aelezwe dawa ni ya nini kabla hajaipokea.

Mwezi uliofuata nilimsindikiza mama. Tulikaa kwenye benchi. Kijana akayasoma majina yake matatu kwa sauti kubwa ya kunikomoa. Akayasoma tena. Mama alikuwa ametulia, mikono mapajani, anageuka huku na huku kutazama ni nani huyo anayeitwa. Tangu ajifungue, hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"Hayupo," kijana akasema, akairudisha dawa yake ndani.

Nikainuka kwa hasira. Mama akanishika nguo.

"Kaa, mwanangu," alininong'oneza. "Usimsumbue daktari, anamtafuta mtu."