Puli ya Dinamo

Mimi ni fundi umeme wa magari, Temeke, na mdomo wangu siku zote umeutangulia ujuzi wangu. Kaka yangu alipofunga injini ya dizeli kwenye boti yake ya uvuvi kule Kunduchi, nilimkataza kuita fundi wa boti. Dinamo ni dinamo, nilimwambia, nikamfungia moja niliyoitoa kwenye gari, pamoja na puli yake, kile kigurudumu kinachozungushwa na mkanda wa injini.

Wiki ya pili betri ikaishiwa chaji wakiwa baharini, injini ikakataa kuwaka, wakavutwa na boti nyingine mpaka pwani. Nilipaswa kupima kwanza. Badala yake nilisema mbele ya watu: "Braza, dinamo nzima kabisa. Ishu ni huyo nahodha wako, anaachaga taa zinawaka."

Nahodha wake alikuwa mtu mpole, wamevua pamoja miaka tisa, na siku tulipomzika mama alishuka kaburini pamoja nasi. Akaapa kuwa taa huzizima kwa mkono wake mwenyewe. Kaka akanisikiliza mie, fundi, akamfukuza palepale. Nilijisikia mkubwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Siku tatu baadaye nilikwenda kufunga betri mpya. Kaka hakuwepo. Niliwasha injini, nikaiweka kwenye mwendo wanaotumia kuvuta nyavu, nikashika mita. Chaji haipandi. Nikaongeza mafuta injini ikazunguka kwa kasi, chaji ikapanda. Gari hukimbia, lakini boti ile ilishinda ikienda polepole, na puli niliyofunga ilikuwa kubwa mno. Dinamo ilizunguka kivivu, taa na redio zikila kuliko kinachoingia. Nikafunga puli ndogo. Haikunichukua hata saa moja. Ile kubwa nikaificha kwenye mkoba, sikumwambia mtu.

Mwezi ulipokwisha nilimkuta kaka sokoni pale pwani, katikati ya wavuvi wenzake. Nikampa shikamoo. Akanishika bega.

"Huyu mdogo wangu kichwa," akawaambia. "Tangu nimtimue yule bwana, betri haijanisumbua hata siku moja."

Yule bwana alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, amebeba ndoo ya samaki wa watu wengine. Alisikia. Akanitazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayesubiri tu niseme neno.

Nikasema, "Si nilikwambia, braza."